Mkono Uliozoea Kusimama

Niliolewa Gesima mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea kando ya ziwa, na Kigusii sikukijua hata cha kuombea maji. Nilichotaka ni kimoja tu: wasije wakasema mwana wao ameoa mvivu. Kwa hiyo nilikusudia kumshinda mavyaa wangu kuchuma majani chai, kila mtu aone.

Aliniudhi yule mama. Juu ya michai alilaza ufito mrefu ulionyooka, achume tu chipukizi zilizouzidi, ili shamba libaki sawasawa. Hilo nililielewa. Lakini kila akitupa konzi kikapuni, lazima aushike ule ufito kidogo, atazame, ndipo mkono urudi kazini. Mimi wangu nilishautupa. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Kadiri nilivyochuma ndivyo vidole vilivyozidi kwenda, hadi nikawa nachuma huku nikiwaza mambo ya kwetu. Kufikia saa nne kikapu changu kilifurika, chake kiko nusu. Nikamwuliza kama nimsaidie. Akaushika tena ufito wake.

Tulikuwa pande mbili za mchai mmoja nyoka wa kijani alipoinua kichwa kati yetu. Mkono wa mavyaa ulisimama hewani pale pale. Mimi nami nilimwona, naapa nilimwona vizuri, macho na ulimi. Na bado mkono wangu ukaenda, ukachuma, ukarudi tena. Mavyaa akaunyakua ufito, akanichapa nao kifundo cha mkono. Nyoka akateleza, akapotea mashinani.

Nilikaa chini. Vidole vyangu vilikuwa bado vinachuma, vinachuma hewa. Tulivitazama sote wawili. Sijawahi kuustaajabia mwili wangu kama siku ile: kichwa kimeshajua, mkono bado haujaambiwa.

"Mkono yako imezoea kuenda tu," akasema kwa Kiswahili chetu cha kuungaunga. "Yangu kila saa naifunza kusimama."

Akaniwekea ufito mapajani.

Jioni, kwenye kituo cha kuuzia majani, aliwaambia wenzake jambo kwa Kigusii, nao wakanigeukia wakitabasamu. Jirani akanitafsiria: mavyaa wako anasema amepata mkamwana mwenye bidii. Juu ya nyoka hakusema neno. Niliuvuta mkono wa sweta, nikaifunika alama ya ufito.