Jaribio la Nne

Jioni ile tulirudi kwa baba mdogo, Pickering, nje kidogo ya Toronto, bila kuwasha redio ya gari. Hilo tu lilitosha kunitia wasiwasi. Baada ya mechi baba mdogo alikuwa mtu wa maneno mengi: angewaiga makocha waliomfokea, angeniuliza mimi ningepuliza filimbi wapi, kisha angenicheka kabla sijamaliza kujibu. Sasa mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani na macho kwenye taa nyekundu za magari ya mbele. Niliitazama mikono ile kwa kukosa kingine cha kutazama. Alikuwa hajavua ukanda wake wa urefa, na kitanzi chake kilikuwa bado kwenye kidole cha mwisho.

Baba mdogo, mdogo wake baba, siku za wiki alikaa katika ofisi ya bima akipokea simu za watu waliogongana magari. Jumamosi alichezesha mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, kwa timu za vijana. Alijifunza ukubwani, kwa bidii ya mhamiaji anayetaka kujua watu wa hapa wanachekea nini na wanalilia nini. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nimepanga chumba kwenye moja ya maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch, na mwisho wa wiki nilikwenda kwake kula chakula kinachoeleweka na kubishana. Aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu.

Katika mchezo ule timu yenye mpira hupewa majaribio kadhaa ya kusogea mbele yadi kumi. Ikishindwa, inaukabidhi mpira kwa wapinzani, na wale waliokuwa wakizuia wanatoka uwanjani kupumzika. Wamarekani wanatoa majaribio manne. Kanada wanatoa matatu. Sisi wa Toronto tunacheza matatu Jumamosi na kutazama manne kwenye televisheni Jumapili, na vichwa vyetu vinabeba hesabu zote mbili bila kulalamika. Ndiyo maana refa huvaa ule ukanda mkononi. Jaribio la kwanza, kitanzi kinakaa kidole cha shahada. La pili, cha kati. La tatu, cha pete. Kidole cha mwisho ni cha Wamarekani.

Siku ile walikuja vijana kutoka ng'ambo ya mpaka kwa mechi ya kirafiki. Makocha wakapeana mikono wakakubaliana: nusu ya kwanza kwa kanuni za wageni, nusu ya pili kwa kanuni zetu. Kila mtu aliona ni ungwana mkubwa. Mimi niliona ni upuuzi, nikasema, na baba mdogo akanijibu, “Profesa, wewe hata harusini ungeomba ushahidi.”

Nusu ya pili ilipokuwa imepamba moto, baridi ilinishinda, nikaenda kwenye gari kuchukua glavu. Niliporudi uwanja mzima ulikuwa umepiga goti. Nilidhani wanasali. Sikujua kwamba ndivyo wanavyofanya mwenzao akiumia. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa goti moja chini, helmeti pembeni, na katikati amelala kijana mmoja ambaye miguu yake nilitamani itikisike. Baba mdogo alisimama juu yake, filimbi mdomoni, kama aliyesahau kwamba anaweza kuitoa.

Kijana yule nilimfahamu. Mama yake alikuwa Mtanzania mwenzetu. Waliishi ghorofa moja chini ya chumba changu, na Jumapili tulikutana kwenye ibada ya Kiswahili, katika ukumbi wa shule tuliokuwa tukiukodi. Alizaliwa hapa. Kiswahili alikielewa chote, hata masengenyo, lakini alijibu kwa Kiingereza.

Hakupooza. Tulishukuru kwa hilo, tena kwa sauti. Shingo iliwekewa kola ngumu, na mkono wa kushoto ukawa haufungi ngumi. Daktari alisema wasubiri. Lakini siku niliyoshuka kuwapelekea supu aliyoituma mama mdogo, mama yake alinivuta jikoni akafunga mlango.

“Kuna jambo jingine,” alisema. “Anasema wakati anaumia alikuwa ameshatoka.”

“Ametoka wapi?”

“Uwanjani. Anasema zamu yao ya kuzuia ilikuwa imekwisha, akatoa ile plastiki ya meno, akaanza kwenda kwenye benchi, halafu wakaitwa warudi. Kocha amemwambia hapana, ni ule mshtuko wa kichwa. Daktari naye anasema kichwa kikigongwa kinaweza kutunga kumbukumbu. Sasa mwanangu haamini chochote. Jana kaniuliza mara ngapi sijui kama nimefunga mlango. Ananiuliza kama leo kala. Mkono ninaweza kuusubiri. Hili la kujiogopa mwenyewe, litaniulia mtoto.”

Nilipanda ngazi kurudi chumbani bila kusubiri lifti, na katikati ya ngazi nikakikumbuka kile kidole kwenye usukani. Mechi ilivunjika palepale alipoumia. Kitanzi hakikuguswa tena. Nusu ya pili kilikuwa hakina ruhusa ya kufika kidole cha mwisho.

Jumapili nilikwenda Pickering. Televisheni ilikuwa imewashwa, Wamarekani wanagongana, na kila refa alipotupa kitambaa chake cha njano kuashiria kosa, baba mdogo alisonya. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti. Kidole gumba kilikuwa kinapita juu ya vidole vingine, kimoja kimoja, kinafika mwisho, kinarudi mwanzo. Hakuwa na ukanda. Wala hakujua kwamba anafanya hivyo.

“Bamdogo, siku ile kitanzi kilikuwa kidole gani?”

“Haya, Profesa ameanza.”

“Mjibu,” mama mdogo alisema kutoka jikoni. “Ada yote ile inalipwa ili aulize.”

“Kijana anasema alikuwa ameshaanza kutoka,” nilisema. “Wanamwambia kichwa kimeharibika. Kama lilikuwa la nne, basi kichwa chake ni kizima.”

Gumba lilisimama. Alichukua rimoti, akapunguza sauti, lakini picha aliiacha.

“Tulikuwa waamuzi wanne,” alisema. “Mmoja anatazama mstari. Mmoja mikono ya wale wa mbele. Mmoja yuko nyuma kabisa. Kila mtu ana eneo lake.”

“Na hesabu ni eneo la nani?”

“La wote.”

“Basi si la mtu.”

“Wewe unadhani sijakesha nikiwaza hayo?” Alipandisha sauti, kisha akaishusha. “Wageni walibaki wamejipanga kama kawaida yao. Mshika kibao cha pembeni, kile kinachoonyesha ni jaribio la ngapi, akatazama mkono wangu. Mimi nikatazama kibao chake. Hakuna hata mzazi mmoja aliyepiga kelele, kwa sababu wote wamezoea manne ya hiki,” akaionyesha televisheni kwa kidevu. “Mkuu wetu wa waamuzi amepiga simu. Amesema hakuna kuzungumza na familia. Na nimeshamwambia mama yake sori. Nimekwenda hospitali, nimekwenda na kwao, na matunda.”

“Sori ipi? Ya pole au ya samahani?”

Nikamwambia kwamba sheria ya mkoa wetu inamlinda mtu anayeomba radhi, kwamba sori yake haiwezi kupelekwa mahakamani kama kukiri kosa. Niliisoma chuoni, na nilijivunia kuijua. Akacheka kicheko kifupi ambacho hakikufika machoni.

“Sheria hiyo najua, ndiyo kazi yangu. Inakulinda ukisema sori. Wewe unataka niseme lilikuwa la ngapi. Mtu akinipigia simu akiwa bado barabarani, vioo vimetapakaa, kitu cha kwanza ninachomwambia ni asikubali kosa.”

“Hata kama ni lake?”

“Hasa kama ni lake.”

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alimtazama mumewe kama mtu anayetazama ufa mpya ukutani, anajiuliza umeanza lini.

Siku chache baadaye nilisikia hodi chumbani kwangu. Alikuwa yeye, na tai ya kazini, koti limelowa theluji ya kwanza. “Twende chini,” alisema. “Ukibaki huku utaniuliza maswali hata kwa simu.” Kwenye ngazi alishika reli kila hatua. Kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka.

Mama wa kijana alitukaribisha, akaweka chai. Kijana alikuwa kwenye kochi, shingo wima ndani ya kola, hivyo ili akutazame ilimbidi ageuze kiwiliwili chote. Baba mdogo alikaa ukingoni mwa kiti.

“Dada, nimekuja tena kuwapa pole.”

“Asante, kaka. Tumeshapoa,” alisema, kama inavyosemwa. Kisha akaweka kikombe chake chini. “Lakini pole nimepewa na kanisa zima. Nimepewa na majirani, mpaka yule mzee wa Kijamaika wa kwenye lifti. Pole ni ya aliyefikwa, kaka. Haisemi kimemfika kutoka wapi. Wewe sikukungojea kwa pole.”

Simu ya baba mdogo ilianza kutetemeka mfukoni mwa koti. Aliiacha. Ikanyamaza, ikaanza tena.

Kijana akageuza kiwiliwili. Nilitegemea Kiingereza.

“Uncle,” alisema, “ilikuwa ya ngapi?”

Alikosea ngeli, na hakuna aliyemsahihisha. Baba mdogo aliingiza mkono mfukoni. Nilidhani anaizima simu. Alitoa ule ukanda, akauvaa mkononi mbele yetu, akakisogeza kitanzi polepole: shahada, kati, pete. Pale alikaa muda. Kisha akakipeleka kidole cha mwisho na kuuinua mkono, kama anavyouinua uwanjani ili wa mbali nao waone.

“La nne,” alisema. “Halikutakiwa kuwapo. Ulikuwa unatoka kweli. Mimi ndiye niliyekurudisha. Nisamehe, mwanangu.”

Kijana alifumba macho. Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza tangu niingie alipumua kama mtu anayekaa kwao. “So sikuota,” alisema. Mama yake alifungua mdomo kumjibu baba mdogo. Pole ina jibu lake, kila mtu analijua. Hii haikuwa pole. Alichukua kikombe cha mgeni ambacho hakijaguswa, akaenda kukimwaga jikoni, na tulisikia maji ya bomba yakitiririka muda mrefu kuliko kikombe kimoja kinavyohitaji.

Baba mdogo alisimamishwa urefa kabla ya wiki kwisha. Hawakusema ni kwa kuhesabu vibaya. Walisema ni kwa kuzungumza. Wale wenzake watatu hawakuulizwa kitu. Jumamosi iliyofuata walikuwa uwanjani, pamoja na refa mpya, kwenye mechi ya mwisho ya msimu.

Najua kwa sababu kijana aliniomba nimpeleke. Mama yake hakutaka, mimi nilitaka kuona. Tulisimama nje ya uzio, yeye na kola yake, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa jaketi. Nilimwonyesha wachezaji wenzake wakimpungia. Hakuwapungia. Kila timu ilipoanza kusogea alihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, yeye ambaye hata shikamoo ilimshinda kuimaliza.

“Moja.”

Watu wakagongana, filimbi ikalia.

“Mbili.”

Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa maghala ya Downsview, na refa mpya alikuwa amevaa glavu nene nyeusi. Kutoka tulipokuwa, mkono wake ulikuwa kitu kimoja cheusi, hauna vidole.

“Tatu,” kijana alisema. Kama kuna mtu aliyekuwa akiutazama mpira, si yeye. Alishika uzio kwa mkono ulio mzima, akainua kiwiliwili chote, akangoja tuone nani ataanza kutoka uwanjani.