Soseji Iliyozunguka Kushoto

Soseji ya Niyonsaba haina vifundo. Ni utumbo mmoja mrefu uliojazwa nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa kwa kisu, yenye pilipili manga nyingi, ukazungushwa kwenye sinia kama kata ya kubebea maji. Hulala kwenye friji usiku kucha ikiwa nzima ili nyama ishikane, na asubuhi kila mteja hukatiwa urefu anaoutaka. Ndivyo wanavyofanya Kambalandi, kaskazini mwa Uingereza, alikotoka nesi aliyemfundisha kazi hiyo Marselino, mume wa Niyonsaba, zamani Marselino alipokuwa mpishi wa nesi huyo Kibondo.

Marselino na Niyonsaba waliletwa kutoka Burundi wakiwa watoto. Baadaye walipata uraia wa Tanzania, wakajenga nje kidogo ya mji wa Kasulu. Mke alijaza, mume alizungusha. Marselino alikuwa mtu wa mashoto, hivyo soseji yake ilizunguka kushoto.

Alifariki masika yaliyopita. Niyonsaba alipoanza tena kazi, aliizungusha kulia, kama mkono wake ulivyotaka. Asubuhi alifungua friji, akaikuta imezunguka kushoto.

Alidhani ni uchovu. Akaanza kufunga friji kwa ufunguo na kuuvaa shingoni. Ikawa vilevile, na juu ya utumbo wenye mafuta hapakuwa na alama ya kidole.

Alimwambia Badru peke yake, mwenye duka anayemuuzia pilipili manga.

"Mama Aline, mimi kitimoto yako hata harufu naikimbia," Badru alitania. "Leo unataka nikailinde?" Alipomtazama usoni, akaacha kucheka. "Anataka nini, marehemu?"

"Sijui. Na Aline ananitaka nihamie kwake Kibondo. Huyu nitamwachaje peke yake?"

Badru alifunga pilipili kwenye karatasi, taratibu. "Si mlifanya kazi pamoja? Muulize kwa kazi hiyo hiyo."

Jioni ile Niyonsaba alijaza utumbo, akauacha ovyo kwenye sinia bila kuuzungusha. Alisimama mbele ya friji kama mtu aliyefika ugenini.

"Marselino," alisema, "ukiizungusha kushoto, nabaki."

Akafunga kwa ufunguo.

Asubuhi soseji ilikuwa imezungushwa vizuri, imekaza. Imekwenda kulia. Ulikuwa mzunguko wa mkono wake mwenyewe, hata ile ncha aliyozoea kuichomeka chini ilikuwa imechomekwa. Aliketi sakafuni, baridi ya friji ikimpiga magotini, mpaka wateja wakaanza kupiga hodi.

Sasa anauza Kibondo, nyumbani kwa binti yake. Kila asubuhi hufungua friji polepole sana. Soseji huwa iko kama alivyoiacha.

Juzi Aline alimkuta bado ameshika mlango.

"Mama, funga basi, umeme unaisha."

"Ego, mwanangu," alimwitikia kwa Kirundi. "Nilikuwa naangalia tu."