Namba Aliyoiombea Dorila

Marehemu Dorila Ayala aliuza majani ya tereré, kinywaji baridi cha Paraguay, pale Pirayú kwa miaka thelathini, na hakuna mteja aliyeondoka mezani pake bila kuonja. Aliponda mnanaa na mizizi kwenye kinu kidogo, akavitia katika mtungi wa maji ya barafu, akamimina kwenye pembe ya ng'ombe iliyojaa majani makavu. Pembe ikazunguka na mrija wake mmoja wa chuma, mdomo kwa mdomo. Pembe ya kwanza hanywi mtu. Ni ya Mtakatifu Tomaso, hunywewa na majani yenyewe. Ya pili ilikuwa ya mumewe, Anselmo.

Alipogundulika kuwa na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole, chembe zake nyeupe zilikuwa laki moja na themanini elfu. Daktari Lidia, kule Asunción, alimwambia zinatakiwa ziwe kati ya elfu nne na elfu kumi, akampa vidonge vya kila siku. Dorila alishika jambo moja tu: zishuke.

Basi kila Jumamosi wanawake wa rozari walikusanyika kwake, wakiongozwa na jirani yake Perfecta, mwenye sauti ya kushinda kengele.

"Bikira Maria wa Caacupé, zishushe chembe za Dorila!"

"Zishushe!" waliitikia.

Zikashuka. Mwezi wa kwanza arobaini elfu, wa pili elfu sita. Mwezi wa tatu Dorila alichukua majibu maabara Ijumaa, ingawa miadi ya daktari ilikuwa Jumatatu. Hakuweza kungoja. Jumamosi akawasomea wenzake: elfu moja na mia tisa.

"Shoga, umeishinda!" Perfecta alipiga makofi.

"Ni Bikira, si mimi."

"Basi asiishie hapo. Tukaze mpaka zifike sifuri!"

Anselmo aliivuta karatasi karibu na miwani yake. "Hii nyota pembeni ya namba ni ya nini? Mwezi uliopita haikuwapo."

"Wewe naye!" Perfecta alimkatiza. "Bikira amemwekea mkeo nyota, unauliza ya nini?"

Wakacheka. Siku hiyo pembe ilipita midomo tisa, na Dorila alikunywa kila ilipomfikia.

Jumatatu Daktari Lidia aliiangalia karatasi, hakucheka.

"Mama, umepata homa?"

"Hapana."

"Tereré unakunywa na nani?"

"Na Pirayú nzima, binti yangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Nyota hii ni onyo, zimeshuka mno. Unalima mnanaa, sivyo? Magugu yakizidi, unapalilia. Sasa jembe limekata magugu, likakata na mnanaa. Zile laki na themanini zilikuwa mbovu. Dawa imezifyeka, lakini nzuri nazo zimepungua. Hizi hapa, zinazokukinga na vijidudu, zimebaki mia nane. Nataka angalau elfu moja na mia tano."

Akamwambia asimamishe vidonge kwa wiki mbili, kisha apime tena. "Nimesema mimi usimamishe. Usije ukafanya hivyo kwa kichwa chako. Homa ikikushika, njoo saa hiyohiyo. Na mrija usichangie na mtu. Hata na mumeo."

Dorila alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa najiombea mabaya?"

"Uliomba ulichokijua, mama."

"Na sasa niombe nini?"

"Omba zitoshe."

Mezani, wateja walipoona haonji nao, mmoja alimchokoza: "Bi Dorila siku hizi ana mdomo wa kitajiri!"

"Mdomo ni uleule," alijibu Anselmo. "Damu yake ndiyo imekuwa ya kifahari."

Alimnunulia mkewe pembe yake na mrija wake, akaufunga uzi mwekundu. Kila asubuhi alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kummiminia, kisha akakaa ng'ambo ya meza.

"Kunywa peke yangu," Dorila alinung'unika, "ni kama kusali rozari bila wa kuitikia."

Tangu hapo, kila alipomaliza pembe moja, Anselmo alisema, "Amina."

Wiki mbili zikaisha. Safari hii Dorila aliisoma karatasi mwenyewe, kidole kikipita mstari kwa mstari mbele ya daktari: chembe nyeupe elfu nne na mia mbili, za kinga, elfu mbili. Hakuona nyota.

"Zimetosha?" aliuliza.

"Zimetosha. Mrija wa mumeo sasa ruksa, na kesho tunaanza vidonge tena."

Nyumbani alikuta pembe mbili mezani. Mrija wenye uzi mwekundu akautia mfukoni mwa aproni. Akammiminia Mtakatifu Tomaso, akammiminia Anselmo, kisha akajimiminia katika pembe ileile na kunywa kwa mrija uleule.

"Amina," alisema Anselmo.

Dorila aliishi miaka kumi na moja mingine. Moyo ndio uliomchukua, si damu. Siku ya mazishi Perfecta, mgongo umeshapinda, alianza kushukuru kwa sauti kwamba miaka ile ilitosha. Anselmo alimshika mkono.

"Haikutosha, shemeji. Tusimdanganye Mungu. Tumwambie asante tu."

Wakasema asante.