Kwa Nini Bi Tatu Alilipita Duka la Wakala

Siku yangu ya kwanza katika tawi la benki pale Mikumi, niliwekwa dirishani kama keshia. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimehudumia watu wachache tu. Wafanyakazi wa hoteli walitumia mashine ya nje, na madereva wa malori walimaliza mambo yao kwenye simu. Nikajifunza kwamba mteja hufuata njia fupi, na nikaliamini somo hilo kupita kiasi.

Nilipohamishiwa Kilosa, nilikuta foleni hadi mlangoni. Meneja wa tawi, mtu wa maneno machache, aliniita.

"Wapunguze hawa. Anayechukua hela ndogo aende kwa wakala."

Wakala ni mwenye duka aliyepewa kimashine cha kutoa na kupokea fedha kwa niaba ya benki. Katika kijiji cha Chanzuru nilimpata mmoja safi kabisa: mtaji anao, duka hafungi mapema, hana doa. Nilijipongeza sana.

Lakini Bi Tatu, mjane mkulima wa mpunga wa huko huko Chanzuru, aliendelea kuja mjini kwa bodaboda. Siku moja alifuata hela kidogo ya palizi.

"Shikamoo mama. Mbona unajitesa? Wakala si yuko jirani yako?"

"Marahaba mwanangu. Yule ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Sitaki ajue nina akiba. Ni ada ya binti yangu, anaanza chuo cha uuguzi. Ndugu lawama."

"Wakala ameapa kutunza siri, mama. Na hili ni agizo la meneja."

Hakubisha. Kwa watu wa umri wake, neno la mtu wa ofisi halijibiwi. Akaenda kwa wakala, na karatasi ya kimashine ikaonyesha salio lote.

Shemeji hakumwambia mtu, na wala hakuwa na haja. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya ukoo, na Bi Tatu alikuwa amewaambia hana kitu. Mama akatoa mchango kwa aibu, kutoka akiba ile ile ya ada. Binti hakwenda chuo mwaka ule.

Habari ziliponifikia niliona haya, na bado ninaona. Nilimweleza meneja kwamba umbali si kila kitu. "Andika kwenye ripoti," alijibu.

Sasa nimestaafu. Vijana wa benki hunieleza kwamba mtandao, makato na umbali ndivyo vinavyoamua mteja atumie simu, wakala au dirisha. Ni kweli. Ila muulizeni pia hataki kuonwa na nani.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Bi Tatu aliingia. Dirishani kwangu hapakuwa na mtu.

"Shikamoo mama, karibu hapa."

"Marahaba," alijibu kwa upole, akaenda kusimama nyuma ya watu tisa kwenye dirisha la mwenzangu.