Mausi Mpya ya Baba

Juzi nikicheza chesi kwenye kompyuta, malkia wangu aliniponyoka akatua kwenye mraba nisioukusudia. Hapo hapo nikasikia harufu ya chai ya maziwa, na mvua ikipiga mabati ya nyumba yetu ya Uthiru, nikawa mtoto tena.

Siku ile Baba alikuwa akicheza chesi na mtu wa mbali kwenye kompyuta, nami nimesimama nyuma ya kiti. Malkia wake naye alianguka pabaya hivyo hivyo. Nilidhani ni kosa langu, maana asubuhi nilikuwa nimemwagia mausi ya kompyuta chai, nikaipangusa kwa sketi bila kumwambia mtu.

"Imeharibika, Baba?"

"Ni mausi tu, mama," akasema, akiuficha mkono wa kulia kwapani.

Kesho yake alileta mausi mpya kutoka madukani River Road. Malkia akaponyoka tena. Baba aliukodolea macho mkono wake. Mimi nilifurahi: kumbe si chai yangu! Sikujua alikuwa akimwaza babu, baba yake mzazi, aliyekuwa akinyweshwa uji kwa sababu mikono yake haikutulia. Baadaye Baba naye tulimshikia kikombe.

"Mum, nini mbaya?" binti yangu aliniuliza juzi.

"Ni mausi tu," nikamjibu, mkono nimeukalia.