Mzee wa Jaketi la Njano

Mtu asikwambie nilikuwa nimechoka au naota. Nilikuwa macho kabisa, saa kumi jioni, jua bado lipo. Yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Minnesota, Marekani.

Nilikuwa mfanya usafi kwenye kilima cha kuteleza kwenye theluji, mbele kidogo ya Plymouth. Kutoka kwangu Richfield nilikuwa napanda gari la Mama Furaha, Mkongomani anayekaa mtaa wa Phillips, mpishi wa palepale. Watu hupandishwa kilimani kwa lifti ya viti: viti vya chuma vinavyoning'inia kwenye waya mnene, vinazunguka bila kusimama. Msimu ule kiti kimoja kiling'oka kikiwa juu. Mzee aliyekikalia akaanguka nacho, akafa hapo hapo, jaketi lake la njano limelowa damu.

Unadhani walifunga msimu? Siku nne tu! Bosi akaleta mashine ya kutengeneza theluji, wakamwaga theluji mpya juu ya damu, kama paka anavyofukia kinyesi chake. Jumamosi watu wakajaa. Wengine walijipiga picha pale alipoangukia, wanacheka. Niliona kinyaa, lakini nikaendelea kupiga deki. Hilo najilaumu.

Jioni ya Jumamosi hiyo bosi akanituma nikasafishe choo cha kibanda cha juu kilimani. Njia ni lifti. Nikakaa peke yangu, nakuapia, peke yangu. Nilipopita nguzo ya pili kiti kikayumba, kama vile mtu amekaa. Nikageuka. Jaketi la njano.

Kwanza harufu. Umewahi kufungua friji lenye nyama, umeme umekatika wiki nzima? Basi changanya na grisi ya gari. Uso ulikuwa umevimba, mweupe kama unga uliolowa, na ngozi ya shavu ilining'inia, inacheza kila kiti kilipotikisika. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa:

"Wameshafungua?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Pole sana."

Akafungua mdomo kama anayetaka kucheka. Kikamtoka kitu kizito, theluji iliyochanganyika na grisi nyeusi na nywele, kikanimwagikia mapajani. Kilikuwa cha uvuguvugu. Uvuguvugu, kwenye baridi ile! Nikatapika huko huko hewani. Nilipoinua kichwa tumeshafika juu, na pembeni yangu hapakuwa na mtu.

Choo sikukigusa. Nilishuka kwa miguu, naanguka na kuinuka, mpaka jikoni. Mama Furaha alishika pua kabla sijasema neno.

"Mungu wangu, dada! Ni nini hii iko kwa nguo yako?"

Nikamweleza. Akavua aproni, akazima jiko. "Tuende. Mi siwezi pika tena kwa hii fasi."

Tukapita kwa bosi kumwambia tunaondoka, na kwa nini. Akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. Aliisikia harufu, niamini, nilimwona akimeza mate. Kisha akasema, "Kabadilishe suruali. Wateja wanakula."

Basi. Hakuuliza lingine. Yule maiti alinitia kinyaa, lakini huyu alinizidishia.

Suruali niliifua mara tatu, mwishowe nikaitupa. Mapajani nimebaki na mabaka meusi; daktari anasema ni ngozi tu. Nyama siwezi hata kuitazama. Binti yangu, aliyezaliwa huku, theluji ikianza kuanguka hakubali nimpakate. "Mommy, you smell," ananiambia, eti nanuka, kisha anakwenda kukaa na baba yake. Ana miaka mitano. Hajui lolote.

Na lifti? Inazunguka, imejaa watu.

Wewe unayetafuta kazi huku, sikiliza. Ukipewa ndoo na tambara la deki mahali alipofia mtu juzi, uliza kwanza ni nani aliyemlilia. Wakikukodolea macho tu, weka ndoo chini, chukua koti lako, uondoke.