Siku Ua la Mama Lilipozaa

Nilipokuwa mtoto wa ndoo ya lita kumi, ile ya ishirini bado hainihusu, nyumba yetu Mshangano ilijulikana kwa ua. Mtu akiuliza njia anaambiwa nenda mpaka kwenye ua linalopanda, lile la tarumbeta za pinki. Lilikuwa limeparamia nguzo za baraza, likashika bati, likaning'inia mlangoni mpaka Baba akiingia anainama. Mama ndiye alilipanda. Alikuja nalo siku anaolewa, kijiti kimoja kimefungwa kwenye gazeti lililolowa.

Huyu ninayemwita Mama hakunizaa. Aliyenizaa alifariki mimi natambaa, simkumbuki hata sauti. Baba akamwoa huyu, binti wa Mpitimbi, na siku ile ile majirani wakaanza kumwita Mama Skola. Skola ndio mimi. Akaitikia mara ya kwanza tu, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitwa. Mtu pekee aliyegoma kumwita hivyo ni Bibi, mama yake Baba, aliyetoka Namtumbo kuja kukaa na sisi. Yeye alimwita "mwanamke".

Mwaka wa tano ulikuwa unakwisha na Mama hajapata mimba. Bibi alikuwa na jibu lake. Anakaa barazani, anapepeta mchele, anasema bila kumwangalia mtu.

"Ua gani hili, linachanua mwaka mzima, tunda hata moja hakuna. Ua la hivi likikaa mlangoni linafunga tumbo la mwanamke wa nyumba. Kwetu tunayajua haya."

Halafu anamgeukia Baba. "Likate."

"Jumamosi, mama," Baba anasema.

Jumamosi ikifika, Mama anatoka jikoni anafuta mikono. "Acha kwanza limalize kuchanua, Baba Skola." Sasa ua lenyewe lilikuwa halimalizi. Mi nilijua anapenda tu ua lake. Na watu walilipenda kweli, kila jirani alipita kuomba kijiti, Mama anakata, anatoa. Mtaa mzima ukawa pinki.

Mimi niliamini maneno ya Bibi yote. Nilikuwa nalala nawaza, likizaa hili ua, Mama anazaa, Mama haondoki. Kwa sababu maneno ya kuondoka yalishaanza. Nilimsikia Bibi akimwambia Baba kwamba mwanamke akishindwa anarudishwa kwao, si matusi, ni utaratibu.

Shule mi sikuwa mtu wa shule, niseme ukweli. Dawati lilikuwa linaniwasha. Lakini siku moja darasa la sita, Mwalimu Komba akachora ua ubaoni, akasema ua halizai lenyewe hivi hivi, mpaka chavua, ule unga wake, ifike kwenye stigma, ncha ya kijiti cha katikati. Wadudu wanabeba, na hata mtu anaweza kubeba. Siku hiyo sikuchungulia dirishani hata mara moja.

Kesho yake asubuhi nikaokota unyoya wa kuku. Ukichungulia ndani ya ile tarumbeta, kwa juu, kuna kijiti chembamba, na nchani kina midomo miwili midogo, myembamba kama karatasi, iko wazi. Nikachota unga kwenye ua moja, nikaupaka pale kwenye ua lingine. Ile midomo ikafumba. Naiona hivi hivi, taratibu, inafumba. Nikashtuka nusura nianguke kwenye kigoda. Nikajua limekubali.

Kesho yake imefumbuka tena. Keshokutwa ua likadondoka.

Nikarudia wiki nzima, wiki mbili. Inafumba, inafumbuka, linadondoka. Hata yale madudu meusi makubwa, yanayotoboa mbao na kuvuma kama pikipiki, yalikuwa yanaingia mle mpaka kiunoni, na bado hakuna kitu. Mama akanikuta niko juu ya kigoda na unyoya wangu.

"Skola, unalitekenya?"

"Kazi ya shule."

"Haya. Likicheka uniite."

Nikamfuata mwalimu. Akaniuliza ua letu lilitoka wapi. Nikamwambia kijiti. Na ya majirani? Vijiti vya kwetu.

"Basi hilo ni ua moja limekaa nyumba nyingi," akasema. "Mengine hayakubali chavua ya kwake yenyewe. Tafuta la mbali, ambalo halikutoka kwenu."

Nilitafuta kama kichaa. Nikalipata njia ya kwenda Namtumbo, kwenye ukuta wa nyumba moja ya zamani, tarumbeta zile zile ila zimepauka. Nilitembea baada ya shule, nikakung'utia chavua kwenye kiberiti, nikarudi vumbi mpaka magotini. Asubuhi nikapaka maua yote niliyoyafikia. Midomo ikafumba.

Kesho yake bado imefumba. Keshokutwa ua likadondoka, lakini pale lilipotoka pakabaki uzi wa kijani. Uzi ukawa mrefu. Ukawa kama kunde nyembamba, zinaning'inia mlangoni, tano.

Furaha niliyokuwa nayo sijaipata tena. Nilimkimbilia Bibi, nikamvuta kitenge.

"Bibi, njoo uone. Limezaa. Sasa Mama anazaa."

Bibi akaja. Akaangalia moja moja, akazigusa kwa kidole. Hakucheka. Akasema "Haya," akarudi kwenye mkeka wake.

Mama akatoka bombani na ndoo kichwani. Nikamwonyesha. Akasimama na ile ndoo, hatui wala hatembei.

"Umemwambia nani?"

"Bibi."

Akatua ndoo vibaya, maji yakamwagika nusu, na hakuyaangalia. Mi nikadhani furaha ndiyo iko hivyo kwa watu wazima.

Matunda yakarefuka, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tumbo la Mama vile vile. Jumapili moja baada ya misa wakaja baba wakubwa wawili na shangazi, wakakaa sebuleni. Bibi akaleta ungo, katikati ameweka tunda moja la lile ua. Akaniita na mimi, akanisimamisha pembeni ya ungo.

"Tumelisema ua bure," akasema. "Ua limezaa, hili hapa. Na mwanangu anazaa, huyu hapa. Amebaki nani?"

Baba alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Mama alikuwa mlangoni, amesimama chini ya ua, na alikuwa ananiangalia mimi. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

Kaka yake alikuja kumchukua Jumatano na pikipiki. Kabla hawajatoka Mama akanikalisha kwenye kigoda, akanisuka twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma, imenyooka kama matuta ya viazi. Mimi nalia, yeye anasuka.

"Mama, mi nilitaka uzae."

"Najua ulichotaka. Kaa sawa." Akachana mstari mwingine. "Lile ua nililiacha makusudi, mwanangu. Lilikuwa linanibebea. Wakililaumu lenyewe, na mimi napumua."

Sikumwelewa. Nilielewa baadaye sana, niko kidato cha pili, na hiyo ndiyo siku nilijifungia chooni nikalia mpaka kengele ikapigwa.

"Usije ukajiona mbaya," akasema. "Hukujua. Na kazi uliifanya vizuri, hakuna aliyewahi kulizalisha."

Akapanda pikipiki, mimi sijaamka kwenye kigoda.

Baba alilikata ua wiki hiyo hiyo, wakati sasa hakuna aliyemwomba. Akaoa mwingine. Miaka ikapita, naye hakuzaa. Bibi akafa bila kusema huyu amefungwa na nini.

Shule niliiacha kidato hicho hicho cha pili. Sasa hivi nasuka, nina kiti changu kwenye saluni karibu na stendi, wananiita Chapchap kwa sababu ya mkono. Mkono wenyewe ni wa Mama. Nimezunguka, Mbinga nimefika, Tunduru nimefika, sikai mahali. Mpitimbi, ambako ni hapo tu, sikuwahi kufika. Kila nikipanga naona ule ungo, na mimi nimesimama pembeni yake. Nilikuwa nasema mwaka huu ukiisha.

Mwezi uliopita nilikuwa nasuka mteja, dada wa huko huko. Anaongea tu, kama wateja wanavyoongea.

"Juzi tumezika mama mmoja jirani yetu. Mpole huyo. Mama Skola."

Mkono wangu uliendelea wenyewe.

"Alikuwa anaishi peke yake, lakini mwambie Mama Skola, anaitika. Anasemaga mwanangu yuko mjini, ana akili huyo. Msibani ukasomwa wasifu, marehemu ameacha mtoto mmoja. Kaburini wakaita mtoto aje aweke udongo. Wakaita tena. Tukabaki tunaangaliana." Akacheka kidogo, kwa uchungu. "Huyo Skola ana roho, jamani."

"Labda hakuambiwa," nikasema.

"Labda. Dada, unavuta."

"Samahani."

Nilimmaliza kichwa chote. Jumamosi nikapita mtaani kwetu Mshangano, yale maua bado yapo, nyumba baada ya nyumba, nikaomba kijiti kwa jirani. Njia nzima ya Mpitimbi nilikuwa nacho kwenye gazeti lililolowa. Nikawaza Bibi alivyolihesabu lile ua, kwamba halina kitu, wakati mtaa mzima umejaa maua yaliyotoka kwake, na hakuna hata moja lililotoka kwenye mbegu. Na mimi niliyezunguka na unyoya kutafuta mtoto wa Mama, nilikuwa nimesimama juu ya kigoda chake, nimesukwa na mkono wake.

Nikakichomeka miguuni pa kaburi lake, nikakimwagia maji. Kisha nikachukua udongo, kiganja kimoja, nikauweka pale walipokuwa wameniita.